Ng'ombe Walikufa Mvua Iliponyesha

Mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu iligonga bati la duka langu Meserani usiku, Machi 2023, na nilicheka peke yangu gizani kama mwehu. Siku hiyo nililala dukani kulinda mzigo, magunia 80 ya pumba niliyoyaleta kwa mkopo kutoka mashineni Arusha mjini. Ilianza na matone makubwa machache, to, to, to, kama mtoto anayerusha kokoto, halafu ikashuka yote kwa pamoja mpaka redio haikusikika tena. Harufu ya vumbi lililolowa ikapenya chini ya mlango. Nikachukua simu nikampigia Babu, mzee wa Kimaasai anayenitunzia ng'ombe wangu bomani kwake, upande wa chini, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki.

"Babu, shikamoo. Tumepona!"

Alichelewa kujibu. Nyuma yake nilisikia watu wakikimbia na kuitana, mbwa wakibweka, mwanamke akipaza sauti kuomba tochi. "Marahaba, Mama Dawa," akasema. "Kama una magunia matupu, yakusanye. Asubuhi nitamtuma kijana." Simu ikakatika.

Sikumwelewa. Nilidhani nyumba yake inavuja.

Mimi ni Mchaga wa Kibosho, na nimeuza dawa za mifugo Meserani kwa zaidi ya miaka kumi. Jina la Mama Dawa nilipewa na wateja, na nimelizoea kuliko lile la ubatizo. Kwetu Kibosho ng'ombe ni mmoja au wawili, wako bandani nyuma ya nyumba, analetewa majani ya migomba na maji kwenye ndoo kama mgonjwa wa kulazwa. Huku chini ng'ombe ndio wanaomfuata Mungu na mtu anawafuata wao. Nilipopata vijisenti nilifanya kama wenzangu wengi wenye maduka, nikanunua majike sita nikamwekeshea Babu. Maziwa ni yake, ndama ni wangu, na kila baada ya ndama kadhaa naye anapata wake. Hatukuandikiana popote.

Ukame wenyewe sitausimulia wote, maana aliyeupitia hataki kuusoma na asiyeupitia ameshaona picha za mizoga. Niseme tu kwamba haukuja kwa kishindo. Vuli ya 2021, ile tunayoisubiri kuanzia Oktoba, haikuja. Masika ya 2022 iligusa ardhi ikaondoka kama mgeni aliyekosea mlango. Vuli ya 2022 tukaangalia mawingu yakipita juu yetu kwenda kunyesha kwingine. Wataalamu walisema ni La Niña, maji ya bahari ya Pasifiki yaliyopoa kwa miaka mitatu mfululizo na kuvuruga mvua zetu huku, na kwamba majirani zetu wa Kenya, Ethiopia na Somalia walikuwa wamekosa misimu mitano kwa mstari mmoja. Babu hakuwa na habari ya Pasifiki. Alisema tu kwamba ameshaona mwaka 2009, na huu ni ndugu yake.

Kilichonishangaza mimi ni jinsi ukame unavyosomeka kwenye rafu za duka. Mwanzo watu hununua chumvi ya madini na dawa ya kuogesha kama kawaida, ila kwa chupa ndogo. Halafu dawa ya kuogesha inaacha kununuliwa kabisa, kwa sababu mtu hawezi kumwogesha ng'ombe wakati hana maji ya kumnywesha. Halafu kinachotoka ni pumba na mashudu peke yake, na bei inapanda kila Fuso linaposhusha. Gunia la pumba nililolizoea kwa shilingi 9,000 lilifika 26,000. Mwishoni mtu anakuja na ndoo ya lita kumi anataka umpimie pumba kwa kilo, awape wawili tu aliowachagua waishi. Nimewapimia watu wengi kwa kilo. Na nimeandika wengi zaidi kwenye daftari la madeni, maana hela hazikuwepo.

Mjini hawakujua. Hili linaniuma mpaka leo, ingawa najua si kosa la mtu. Arusha mjini iko kifuani mwa Meru, mlima unakamata mawingu, na hata katika miaka ile mibaya mvua ndogondogo zilinyesha Sakina na Njiro huku Kisongo wakiona vumbi tu. Ukipanda Noah kutoka Meserani kwenda sokoni Kilombero, ndani ya nusu saa umetoka kwenye nchi ya rangi ya kahawia umeingia kwenye nchi ya kijani, na mama anayekuuzia mchicha anakuuliza, "Kwani huko kwenu hamjalima?"

Basi asubuhi ile baada ya mvua sikumsubiri kijana. Nilifunga magunia matupu kama hamsini nyuma ya bodaboda nikaenda mwenyewe. Njia iliyokuwa vumbi la kufika kwenye kifundo cha mguu imekuwa uji. Tulianguka mara mbili. Makorongo ambayo nimezoea kuyavuka kwa miguu yalikuwa na maji mekundu yanayokwenda kasi, yamebeba mavi ya ng'ombe ya miaka miwili na miti mizimamizima. Nilikuwa bado nafurahi. Nilimwambia dereva, "Ona, lambo litajaa."

Bomani kwa Babu nilikuta watu wanne wameinama juu ya ng'ombe mmoja. Alikuwa wangu, Kidoti, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji. Kijana mmoja ameshika mkia kwenye shina, mwingine pembe, na wawili wamepitisha mti chini ya tumbo, kila mmoja na upande wake. Walihesabu kwa Kimaasai kisha wakanyanyua. Kidoti alisimama kwa miguu ya nyuma, akabaki amepiga magoti mbele kama anayesali, akatetemeka mwili mzima, akakaa tena. Manyoya yalikuwa yamelala kwenye ngozi kwa maji, na kila ubavu ulionekana mpaka pale unapoungana na mgongo. Wakapumzika kidogo. Wakahesabu tena.

Tulimnyanyua mara tano. Nasema tulimnyanyua kwa sababu mara ya tatu mimi nilikuwa kwenye mti. Aliposimama, mke mdogo wa Babu alimfuta kwa matambara, tukamfunika magunia mawili matupu ya pumba, tukayafunga kifuani kwa kamba ya katani. Alisimama hapo amevaa maandishi ya kiwanda cha kusaga nafaka, macho yamezama, anapumua kwa pua na mvuke unatoka.

Wengine hawakunyanyuka. Usiku ule mmoja Babu alipoteza ng'ombe tisa, na wangu watatu. Hawa ni ng'ombe waliokuwa wamevumilia miezi ya njaa, wamekwenda ronjo, kambi ya muda ya kufuata malisho ya mbali, mpaka Simanjiro na kurudi, wamekula mabua na maboksi. Kundi la Babu lilikuwa 74 kabla ya ukame, na siku ile jioni, kabla ya mvua, lilikuwa 31. Wakafa kwa kile tulichokuwa tukikiomba kila Jumapili kanisani.

Nilimuuliza Babu ilikuwaje. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, shuka limeloa, anachuna ngozi ya fahali ambaye hakuna mtu angenunua ngozi yake. "Ng'ombe mwenye njaa anaishi na jua," alisema. "Jua likiondoka ghafla hana kitu cha kumshika." Baadaye nilimuuliza bwana mifugo wetu naye akanipa maelezo yake, ambayo kwa kweli yalikuwa yaleyale ila yamevaa koti. Tumbo kubwa la ng'ombe ni jiko. Majani yakichachuka ndani yanatoa joto, na ndilo linalomfanya ng'ombe alale nje kwenye baridi bila shida. Ng'ombe asiye na kitu tumboni jiko lake limezimika. Hana mafuta chini ya ngozi. Mlowanishe usiku, mpulizie upepo wa tambarare, alfajiri hayupo. Wafugaji wote waliozeeka wanalijua hili. Mimi niliyekuwa nikiuza dawa miaka yote hiyo ndiye nisiyelijua.

Siku ya nne au ya tano nchi ilianza kuwa na rangi ya kijani kwa mbali, ile ambayo ukiikaribia huioni. Wiki ya pili ikawa ya kweli. Hapo ndipo nilipokosea mara mbili, na moja kati ya hizo naionea aibu.

La kwanza ni pumba. Nilikuwa na magunia yangu 80 na deni lake. Watu walipoona majani yanachipua wakaacha kununua, nami nikaacha kuwashawishi, kwa sababu nami niliamini yameisha. Kumbe hizo wiki mbili tatu za mwanzo ndizo ng'ombe anahitaji kitu kikavu kuliko wakati mwingine wowote. Majani machanga yamejaa maji. Ng'ombe mwenye njaa anayala kwa pupa, anaharisha, au tumbo linajaa gesi upande wa kushoto mpaka linalia kama ngoma ukiligonga. Wiki moja duka la jirani liliishiwa mafuta ya kula kwa sababu wafugaji walikuwa wakiwanywesha ng'ombe waliovimba, nusu lita kwenye chupa ya soda, kichwa kimeinuliwa kidogo tu ili yasiingie mapafuni. Waliowapa ng'ombe wao pumba au mabua makavu asubuhi kabla ya kuwafungulia hawakupata shida hiyo. Mimi pumba ninazo, futi sita kutoka nilipokaa, na sikumwambia mtu. Magunia 30 yakaota ukungu upande ambao bati linavuja. Nikayamwaga.

La pili ni daftari. Wiki ya pili ya mvua nilianza kudai. Nilijiambia kwamba nimewavumilia watu kwenye shida, sasa shida imekwisha, na mimi nina mkopo unaniuma. Nilianza na mama mmoja mjane aliyekuwa akidaiwa kama shilingi 140,000. Nilimkuta anamwagilia… hapana, siku hiyo hakuwa na haja ya kumwagilia chochote. Alikuwa anachambua mbegu za maharage kwenye ungo. Nilimsalimia, nikazunguka kidogo, kisha nikasema, "Mama, sasa mvua imenyesha, tuangalie basi lile deni." Hakukasirika. Aliendelea kuchambua, akatupa maharage mabovu mawili matatu kwa kuku, kisha akasema, "Mvua imenyesha kwenye daftari lako tu, mwanangu. Kwangu bado."

Nilirudi dukani nimekasirika. Nilipotulia nikachukua kalamu nikapiga hesabu nyuma ya daftari hilohilo, na hesabu ile ndiyo iliyonitoa ujinga.

Yule mama alikuwa na mbuzi watano na ng'ombe mmoja waliobaki. Maharage aliyokuwa akichambua, akiyapanda mwisho wa Machi, atayavuna mwezi wa sita kama mvua haikatiki. Mahindi atakula mabichi Julai na kuvuna makavu Agosti. Mpaka hapo ananunua chakula, na unga sikumbuki lini umewahi kuwa ghali namna ile, sembe ilikuwa karibu shilingi 2,000 kwa kilo. Mbuzi akipandwa leo anazaa baada ya miezi mitano. Ng'ombe ndiye mrefu. Jike aliyekonda vile hapandwi kabisa, mwili wake umefunga duka. Anahitaji miezi mitatu, minne, mitano ya kula mpaka aanze kumkubali dume. Kisha miezi tisa ya mimba. Nikaandika: mvua Machi 2023, dume Agosti, ndama Mei 2024. Maziwa ya kwanza baada ya ukame, yale ya kumpa mtoto na kuuza lita mbili barabarani, yangefika miezi kumi na minne baada ya usiku ule niliocheka gizani. Na hiyo ni kwa mwenye jike aliye hai.

Kuuza je? Nilifikiri angeuza mbuzi mmoja anilipe. Lakini mnadani mambo yalikuwa yamepinduka. Kwenye ukame kila mtu aliuza, na mimi mwenyewe nilipeleka dume langu mnada wa Meserani Januari likaenda kwa shilingi 180,000, mnunuzi akilipapasa mgongo kama anayenunua kitanda kibovu. Mvua iliponyesha hakuna aliyetaka kuuza, kila mtu anasubiri mnyama anenepe. Agosti nilikwenda kutafuta dume la kulirudisha kundini, lenye umri uleule. Nikaambiwa 700,000. Aliyeuza watano kwenye kiangazi anarudi na hela hizohizo ananunua mmoja, akibahatika. Kwa hiyo mjini mkisikia kwamba mvua imefufua soko la mifugo, mjue limefufuka kwa mwenye ng'ombe wa kuuza, ambaye mara nyingi ndiye mwenye lori na siye mwenye boma.

Madeni yale niliyaacha. Si kwa wema. Niliona tu kwamba nikimbana mtu auze mbuzi jike mwezi wa nne, nimemuua mteja wangu wa mwaka unaofuata. Niliongea na mkopeshaji wangu, akaniongezea muda na riba juu, na tukaishi hivyo.

Mbegu nazo zilinipa faida isiyo na baraka. Mvua ile ya kwanza ilipopiga, vijana wa kulima walikuja asubuhi yake wamelowa matope mpaka magotini, wananunua mahindi mfuko wa kilo mbili, wanakimbia kupanda. Wakapanda kila mahali. Mahindi yakaota vizuri, kisha mvua ikakata siku kumi na kitu, jua la Machi likashuka, na miche ikajikunja kama karatasi iliyopita karibu na moto. Mvua iliporudi Aprili walikuja kununua tena. Niliwauzia mara mbili shamba lilelile. Babu hakupanda chochote mpaka alipochimba kwa jembe na kukuta unyevu umefika kwenye kiwiko chake. Alikuwa analala chini kabisa na kuingiza mkono shimoni, mzee wa miaka sabini na kitu, na wajukuu wanamcheka.

Lambo lilijaa, kama nilivyomwambia dereva wa bodaboda. Tulikwenda kulitazama kama watu wanaokwenda kumwona mtoto aliyezaliwa. Lakini mvua ya kwanza baada ya ukame haiingii ardhini. Ardhi imekanyagwa na kwato za miaka, haina jani la kupunguza mwendo wa maji, imekuwa ngumu kama sakafu. Maji yanapita juu yake na kubeba udongo, na udongo wote ule unaishia lamboni. Lililoonekana limejaa maji lilikuwa limejaa nusu ya matope. Septemba lilikuwa limekauka tena, na tukaona chini yake sakafu mpya laini, iliyopasuka vipande kama vigae, juu zaidi ya ile ya zamani.

Kisha ikaja El Niño, kinyume cha La Niña, maji ya Pasifiki yalipopata joto, na hapo lugha ikabadilika. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba vuli ingekuwa na mvua za juu ya wastani, na kwa mara ya kwanza watu waliokuwa wakiomba mvua wakaanza kuiogopa kwa sauti. Walikuwa na haki. Tarehe 3 Desemba maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalifunika sehemu ya mji wa Katesh, mkoa wa jirani wa Manyara, na kuua watu zaidi ya 80. Mvua haikukoma. Aprili 2024 Arusha mjini palikuwa na mafuriko na vilio, na tarehe 25 mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 nchini wamekufa kwa sababu ya mvua hizo. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo tulikuwa tunapima pumba kwa kilo.

Sisi wa dukani tulikuwa na hofu nyingine ambayo haikuwa kwenye taarifa za habari. Homa ya Bonde la Ufa. Wazee hawajaisahau. Ilikuja na mvua za El Niño za 1997 na 1998, ikarudi mwanzoni mwa 2007 baada ya mvua kubwa, na safari ile iliua watu zaidi ya 140 Tanzania. Ugonjwa huu una tabia ya ajabu. Mbu wanaoubeba hutaga mayai kwenye mabonde yanayotuama maji, na mayai hukaa kwenye udongo mkavu miaka mingi bila kufa, yanasubiri mafuriko. Yakifunikwa na maji yanaanguliwa kwa wingi, mengine yakiwa na kirusi tayari. Dalili ambayo mfugaji huiona kwanza ni majike kutupa mimba kwa pamoja. Kila mtu aliyeingia dukani kuniambia mbuzi wake katupa mimba nilimuuliza wangapi, na lini, na kama kuna aliyegusa kile kilichotoka kwa mikono mitupu. Wateja waliniona nimekuwa askari. Kwetu haikufika, lakini niliuza glavu kwa bei ya kununulia, na wanawake wa pale wakakubali, kwa shingo upande, kwamba maziwa ya miezi ile yachemshwe. Babu alisema maziwa yaliyochemshwa ni maji meupe.

Kwa hiyo ukiniuliza ukame wa Meserani uliisha lini, sina tarehe moja ya kukupa. Kwa mjini uliisha Machi 2023. Kwa bei ya unga ulianza kulegea walipovuna, karibu na mwezi wa nane. Kwa lambo sijui kama uliisha. Kwenye daftari langu jina la mwisho la madeni yale ya pumba, yule mama mjane, nililikata Februari 2024. Alinilipa kwa mara tatu, na mara ya mwisho alileta kuku wawili badala ya elfu ishirini na tano na akataka nimwandikie risiti.

Mei 2024, siku ya manyunyu, Babu alikuja mwenyewe dukani. Alishuka kwenye pikipiki taratibu, shuka limefungwa begani, mkononi ana galoni ya lita tatu iliyozibwa kwa majani. Hakusema kitu mpaka alipokaa kwenye kiti cha wateja na kupokea shikamoo yangu.

"Ya Kidoti," akasema, akaweka galoni juu ya kaunta. "Amezaa wiki mbili zilizopita. Jike."

Niliyachemsha mbele yake, akayatazama yakipanda kwenye sufuria kwa uso wa mtu anayeona mali ikiharibiwa, nikatia majani ya chai na sukari nyingi anavyopenda. Maziwa yalikuwa na ile harufu ya moshi wa kibuyu ambayo sikuwa nimeisikia tangu 2021. Tulikunywa kimya. Nje maji yalikuwa yanatiririka mtaroni na bati linalia.

Alipomaliza kikombe aligeuka akaangalia kona ya duka, pale bati lilipokuwa linavuja, ambapo sasa nimeinua jukwaa la mbao.

"Pumba bei gani?"

"Elfu nane, Babu. Hakuna anayenunua sasa hivi, majani yamejaa kila mahali."

"Niwekee magunia kumi na tano," akasema, akanyoosha kikombe niongeze chai.